Maswali ya Wasomaji: Nifungue begi, au niendelee kusubiri?

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, mmoja wa Machame na wawili wa Arusha, lakini zote zinauliza jambo moja: mtu atajuaje kwamba Mungu anamwambia aende, na atajuaje kwamba anamwambia atulie? Nimeondoa majina na kufupisha palipohitaji kufupishwa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

SWALI: Shikamoo Mzee wetu, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41. Nilifundisha miaka 12 katika shule moja ya binafsi mjini Moshi, hadi Februari mwaka huu ilipopunguza walimu, nami nikawa mmoja wao. Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu huku Machame alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kwa kuwa mume wangu ni dereva wa watalii na maisha yake ni barabarani, ilionekana wa kuja kumuuguza ni mimi. Nilikuja na begi moja nikidhani nitakaa wiki tatu. Sasa ni miezi minane, na begi bado liko chini ya kitanda. Natoa gauni, nafua, narudisha. Bustani iliyo nyuma ya jiko imeota magugu, maana sioni sababu ya kupanda kitu ambacho huenda sitakuwepo kukivuna. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa zamani alinipigia simu kutoka Dodoma akasema shule yao inatafuta mwalimu wa Hisabati kuanzia Januari, na kwamba ameshanitaja kwa mkuu wa shule. Nimefunga siku tatu sijapata jibu. Mchungaji wangu anasema nisubiri. Nabii mmoja niliyepelekwa kwake na jirani aliniambia kwamba wingu langu limekwisha kuinuka, ila nipande mbegu ya shilingi 50,000 ili njia ifunguke. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu. Naogopa kukaa nikapitwa na wakati wa Mungu, na naogopa kwenda nikamwacha Mungu nyuma. Je, hiki ni kipindi cha kupumzika, au muda wangu unapotea? Nifanyeje? — Mama wa Machame

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, maana kumgeuza mtu mzima kitandani mara kadhaa kwa usiku mmoja si kazi ndogo, na katika barua yako hukuihesabu hata kuwa kazi.

Hizo shilingi 50,000 tuzimalize kwanza. Kama hujazitoa, usizitoe. Kama ulikwisha kuzitoa, usirudi kuongeza. Aliyekutajia wingu amelichukua kutoka Hesabu sura ya 9, nami nakuomba uifungue sura hiyo uisome mwenyewe kuanzia mstari wa 15 hadi mwisho. Wingu lile lilikuwa juu ya maskani, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, mahali ambapo kambi nzima ililiona, na usiku lilionekana kama moto. Hakuna aliyelilipia ili liinuke, wala hakuna mtu mmoja aliyeliona peke yake akaenda kuwauzia wengine habari zake.

Sasa tukae katika sura hiyohiyo, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Tunapenda kuhubiri kuinuka kwa wingu. Tunaimba kuhusu kuvuka, kusonga mbele na kuingia nchi ya ahadi. Mwandishi wa Hesabu, kinyume chake, anatumia maneno mengi kueleza kukaa kwa wingu. Anasema wakati mwingine lilikaa tangu jioni hata asubuhi tu, wakati mwingine siku mbili, au mwezi, au mwaka, na muda wote lilipokaa watu nao walikaa. Anachoacha kusema ndicho kilichonishtua nilipokisoma nikiwa mtu mzima: hakuna mahali ambapo wingu lilitua na kutangaza litakaa kwa muda gani. Siku ya kwanza, kituo cha usiku mmoja na kituo cha mwaka mmoja vilifanana kabisa.

Fikiria maana yake kwa wana wa Merari, ukoo wa Walawi uliopewa kubeba mbao, nguzo na vitako vya maskani. Kutoka inahesabu mbao 48, na vitako vya fedha 100, kila kimoja uzito wa talanta moja, ambayo kwa makadirio ya wengi ni zaidi ya kilo 30. Walipewa magari manne ya ng'ombe kwa ajili ya mzigo huo. Mtu wa Merari alipofika kituoni amechoka, mchanga ukiwa umejaa viatuni, hakuwa na ruhusa ya kusema, "Leo tusimamishe nusu, maana huenda kesho tukaondoka." Alishusha kitako baada ya kitako, akavipanga, akasimamisha mbao juu yake, na Hesabu sura ya 10 inaonyesha kwamba maskani ilipaswa kuwa imesimama kabla Wakohathi, ukoo mwingine wa Walawi, hawajafika na vile vyombo vitakatifu walivyovichukua mabegani. Kama asubuhi wingu liliinuka, alivishusha vyote akavipakia tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake kwa siku ile, na sidhani kwamba aliiona kuwa jambo kubwa.

Binti yangu, wewe umesimamisha nusu. Kwa miezi minane mwili wako umekuwa Machame na begi lako limekuwa stendi. Silaumu, maana najua jinsi wiki tatu zinavyonyooka zikawa mwaka bila mtu kukubali kwamba zimenyooka. Lakini nashuku kwamba sehemu kubwa ya uchovu wako inatokana na hilo begi kuliko na mgonjwa. Kwa hiyo kabla hujafunga siku nyingine tatu, lifungue. Zitundike gauni ukutani. Kisha ng'oa magugu nyuma ya jiko, uweke samadi ya ng'ombe wa mama, upande mchicha na mnafu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Hata ungeondoka mwishoni mwa Desemba, ungekuwa umeuchuma mara kadhaa. Na kama hutakuwepo, wenye kihamba, shamba la ukoo, watauchuma. Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, watu ambao kila siku walikuwa wakisikia manabii wakiwaahidi kwamba kurudi ni karibu, akawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Aliwaambia pia kwamba ingekuwa miaka 70. Kupanda kwao hakukumaanisha kwamba wameikana Yerusalemu.

Unaniuliza kama kipindi hiki ni cha kupumzika. Neno hilo mimi nalitumia kwa woga, kwa sababu anayeuguza hapumziki. Nadhani unachouliza ni kama muda huu umepotea, nami nakujibu kwa habari mbili, moja ya Maandiko na nyingine ya mlima ulio juu ya kijiji chenu.

Israeli walifika Sinai katika mwezi wa tatu baada ya kutoka Misri, wakaondoka siku ya 20 ya mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Ni karibu miezi 11 mahali pamoja, jangwani, chini ya mlima mmoja. Ukihesabu hatua, hiyo ni sifuri. Lakini humo ndimo walimopewa sheria, humo ndimo maskani ilimotengenezwa, humo ndimo walimohesabiwa na kila kabila likajua nafasi yake katika safari. Kundi lililofika pale lilikuwa la watumwa waliotoroka. Lililoondoka lilikuwa taifa lenye mpangilio, ingawa lilikuwa bado na ubishi wake. Na muda ulipotimia, kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati, waliambiwa waziwazi kwamba wamekaa katika mlima huo vya kutosha. Hakuna aliyehitaji kubahatisha.

Habari ya mlima ni hii. Ujanani nilibeba mizigo ya wageni kwa misimu miwili katika njia hiyohiyo ya Machame. Baada ya kambi ya Shira, wageni hupandishwa hadi Lava Tower, ule mnara wa mawe ya volkano ulio karibu mita 4,600, wakala chakula cha mchana huku vichwa vikiwagonga, halafu hushushwa hadi kambi ya Barranco, chini kidogo ya mita 4,000, wakalala huko. Kila kundi lilikuwa na mtu aliyenung'unika: amelipa fedha nyingi kufika mita 5,895, na sasa jasho la asubuhi nzima linarudishwa chini jioni. Kiongozi wetu hakubishana naye. Alijua kwamba hewa ya huko juu ni nyembamba, kwamba mwili hujifunza kuitumia taratibu, na kwamba anayelala chini baada ya kuonja juu ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi usiku wa kileleni. Sisi wapagazi, kwa kuwa tulikwisha kuzoea, tulipita njia ya chini moja kwa moja hadi Barranco na kuwatangulia kupiga mahema. Nalitaja hilo makusudi, usije ukapima njia yako kwa ya mwalimu mwenzako aliyepata kazi Dodoma mara moja.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la kwenda au kubaki. Baada ya sura ya wingu, katika Hesabu 10, Musa anamwomba Hobabu, mtu wa Midiani na ndugu wa mkewe, asiwaache, kwa sababu anajua jinsi ya kupiga kambi jangwani, naye atakuwa kwao badala ya macho. Wako waumini wanaokwazwa na mistari hiyo: wingu lipo, macho ya mtu ya nini? Mimi inanituliza. Wingu liliwaonyesha wapi na lini. Hobabu alijua wapi pana kisima na wapi upepo unang'oa hema. Musa hakuona kwamba kumtegemea mmoja ni kumdharau mwingine.

Hobabu wako ni nani? Nimeisoma barua yako mara tatu. Umemtaja nabii, mchungaji, rafiki wa Dodoma, jirani, na mume ambaye, samahani, amekuachia mzigo huku akijiita mpole. Mama mkwe umemtaja kama mgonjwa tu. Je, anaweza kuzungumza? Kama anaweza, umewahi kumuuliza yeye anatakaje? Wazee wetu wa mlimani hawapendi kuwa sababu ya watoto kukosa kazi, na hawapendi pia kuamuliwa kama gunia la kahawa. Keti naye asubuhi baada ya kumlisha mtori, wakati kichwa chake kimetulia, umweleze habari ya Dodoma kama ilivyo. Halafu mumeo aitishe kikao cha ukoo, yeye mwenyewe, si wewe, na mawifi zako walioko mbali wasikie kwa sauti yake kwamba mama ni wa wote. Waulizwe nani atakaa naye, nani atachangia mshahara wa msaidizi, nani atampeleka kliniki. Wakati huohuo, mwombe mkuu wa shule ya Dodoma barua yenye mshahara, tarehe ya kuanza na habari ya nyumba; kutajwa kwa mkuu wa shule bado si kuajiriwa.

Katika Matendo sura ya 16, Paulo na wenzake walikatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa, wakateremkia Troa bila kupewa maelezo yoyote. Usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Tazama kinachofuata: aliyeona ni mmoja, lakini mwandishi anasema sisi tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Maono ya mtu mmoja yalipitia vichwa vya wengi ndipo meli ikatafutwa.

Kikao kikipata mtu wa kukaa na mama kwa amani, na barua ya shule ikaja, nenda Januari bila kusubiri ndoto. Kisipopata mtu, au barua isipokuja, baki, na usiruhusu mtu yeyote akuambie kwamba umefungwa au kwamba kuna laana. Mchungaji wako amesema usubiri. Muulize kwa heshima usubiri nini hasa, na hadi lini. Kusubiri kusikokuwa na kitu kinachosubiriwa ni kukaa tu.

SWALI: Mzee, tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 57, nipo Arusha, na nimekuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu kwa miaka 22. Sauti imechoka na magoti pia, lakini kila nikitaka kuacha, dhamiri inanisuta kwamba utumishi wa Mungu hauna kustaafu. Ni kweli? — Mwalimu wa Kwaya

JIBU: Milele amina. Si kweli, na huhitaji kulichukua neno langu. Hesabu 8 inaagiza kwamba Mlawi aanze kazi ya hema akiwa na miaka 25, na akifika 50 aache ile kazi ya kubeba na kutumika. Umechelewa miaka saba. Lakini soma mstari unaofuata: baada ya hapo anaendelea kuwasaidia ndugu zake katika kulinda, ila haufanyi tena ule utumishi. Kaa benchi la nyuma siku za mazoezi, mrekebishe mwalimu mpya mkiwa wawili tu, na ukijisikia kumrekebisha mbele ya kwaya nzima, kanywe chai.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Sakina, Arusha. Naosha magari ya kampuni za utalii na msimu ukiwa mzuri napanda mlimani kubeba mizigo. Mungu amekuwa akiniongoza kwa ndoto. Aprili 2019 niliota barabara ndefu nikahama Moshi kuja Arusha. Mei 2020 niliota naokota mawe ya bluu nikaenda Mererani. Machi 2022 nikaota bahari nikaenda Dar es Salaam, Novemba nikarudi Arusha. Aprili 2024 nikaenda Babati, haikuwa nzuri, nikarudi tena hapa. Mererani niliondoka usiku kwa sababu sauti ilikuwa ya haraka, nikaacha nadaiwa kodi ya chumba ya miezi miwili. Sasa naota ziwa na moyo unanituma Mwanza. Ndugu zangu wananicheka. Je, inawezekana Mungu ameniita kuwa msafiri kama Ibrahimu? — Kijana wa Sakina

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba uliandika tarehe, kwa sababu tarehe zako zinaeleza zaidi ya ndoto zako. Ukiacha kule kurudi Arusha kwa Novemba, kila mara ulipoongozwa kuondoka ilikuwa kati ya Machi na Mei. Hiyo ni masika. Wageni hupungua, magari yanalala, hakuna wa kuoshewa gari wala mzigo wa kupandisha mlimani, na mfuko unatoboka. Mwaka 2020 ndio kabisa, ugonjwa wa korona uliondoa wageni wote. Sisemi kwamba Mungu hawezi kusema na mtu wakati wa mvua. Nasema kwamba njaa nayo huota.

Eliya alikaa kando ya kijito Kerithi akinywa maji yake na kulishwa na kunguru, hadi kijito kikakauka kwa sababu mvua hazikunyesha. Kwako mambo yamegeuka: kijito hukauka mvua zinapoanza. Lakini angalia mpangilio katika 1 Wafalme 17. Kijito kilikauka, kisha neno la Bwana likamjia kwamba aende Sarepta. Kukauka peke yake hakukuwa amri. Eliya alikaa kando ya mchanga mkavu mpaka aliposemeshwa, na alipotumwa aliambiwa mahali, na aliambiwa nani atakayemlisha. Ndoto yako ya ziwa haina hata kimoja kati ya hivyo. Mwanza una nani? Utalala wapi usiku wa kwanza?

Kuhusu Ibrahimu, tusimfanye mtu wa mabasi. Aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na baadaye alikaa kwa muda mrefu penye mialoni ya Mamre, karibu na Hebroni, akachimba visima, akafanya mapatano na majirani. Hata pango la kumzikia mkewe alilinunua mbele ya mashahidi, fedha ikapimwa shekeli 400, akakataa kulipokea bure. Mtu huyo alihama, lakini hakuacha nyuma yake mwenye nyumba anayegonga mlango wa chumba kitupu.

Hapo ndipo ndoto ya Mererani inaponikwaza kabisa. Sauti inayomwamuru mtu aondoke usiku na kodi ya watu, kwa uzoefu wangu, ni sauti ya mdaiwa. Wana wa Israeli walipotaka kupanda mlimani bila wingu, katika Hesabu 14, nao walikuwa na haraka na walikuwa na maneno mazuri ya toba. Wakapigwa hadi Horma.

Kwa masika ijayo nakushauri ujiandae tangu sasa wageni wangalipo. Kila juma weka kando kitu kidogo katika kikundi cha kuweka na kukopa hapo mtaani, na utafute kazi moja ambayo mvua huileta: kuchimba mitaro, kupalilia mashamba ya Tengeru, kupanda miche. Kaa Sakina mwaka mmoja kamili, masika yote yapite juu ya kichwa chako ukiwa hapohapo. Ndoto ya ziwa ikirudi baada ya hapo, mwezi wa Agosti, umeshiba na magari yamejaa, niandikie tena, nami nitaisikiliza kwa masikio mengine.

Ila barua hiyo usiitume kabla hujapeleka Mererani ile kodi ya miezi miwili. Ipeleke mchana, kwa mikono yako.